Mbwa wa Bure Ana Bei Yake

Natumai yule mtoto wako wa darasa la nne hajaanza tena wimbo wake: "Baba, tuletee mbwa!" Kama ameanza, mwite aketi karibu nawe, msome ukurasa huu pamoja. Leo nina kisa ambacho kimenigharimu fedha na aibu.

Miaka michache iliyopita mama yangu, ambaye anaishi kando ya ziwa huko Homa Bay, alimpa dada yangu mtoto wa mbwa. Dada ameolewa Awendo, katika Kaunti ya Migori. Kijibwa kilisafiri ndani ya kikapu, kwenye matatu, wala hakikutozwa nauli. Kikaitwa Simba. Sote tulifurahi kwamba dada amepata mlinzi bila kutoa hata senti moja. Mimi, niliyekuwa Nairobi, ndiye niliyesema kwa sauti kuliko wote: "Huyo ni wa bure. Atakula makombo tu."

Ndugu msomaji, makombo gani hayo? Zamani watu wa ziwani walimtupia mbwa kichwa cha samaki na mifupa yake. Lakini tangu viwanda vianze kuchukua minofu ya mbuta na kuisafirisha ng'ambo, mifupa inayobaki imekuwa kitoweo cha binadamu. Inakaangwa, inauzwa sokoni na jina lake linajulikana na kila mtu: mgongo wazi. Omena nao wanagombaniwa na viwanda vya chakula cha kuku na mifugo. Mahali ambapo mifupa ina bei, mbwa wa makombo ni mbwa wa njaa, na mbwa wa njaa hakai nyumbani kulinda. Atazurura sokoni, machinjioni na kwenye nyua za watu.

Ndivyo alivyokuwa Simba. Siku moja dada alinipigia simu. Alisema kuna daktari wa mifugo anayepita kijijini akichanja mbwa, naye anaomba shilingi mia tatu. "Ndugu yangu, nisaidie na hizo tu," akasema. Nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Nilisahau, naye aliona haya kunikumbusha.

Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, Simba alimuuma mguuni mvulana wa jirani, mtoto wa miaka saba. Kabla dada hajatoka jikoni, vijana walikuwa wamekwisha kumpiga mbwa kwa mawe hadi akafa, wakamchoma moto.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Kwenye zahanati waliulizwa: mbwa amechanjwa? Cheti kiko wapi? Hakikuwapo. Mbwa mwenyewe yuko wapi, ili afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi? Amekufa. Basi kichwa chake kipelekwe maabara kipimwe? Kimekuwa majivu. Ikawa hakuna njia ila mtoto adungwe sindano zote: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Na zahanati ile haikuwa na dawa. Mara tano dada yangu na mama wa mtoto walipanda bodaboda kwenda mjini, wakiwa wamempakata mtoto katikati, bila kusemezana neno. Dada aliuza mbuzi wake wawili. Mimi nilituma zilizobaki kwa M-Pesa. Tulipojumlisha dawa na nauli, zilikuwa zimetutoka shilingi elfu kumi na tatu na ushei. Yote hayo kwa sababu ya shilingi mia tatu.

Mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini usifikiri kila mtoto huwa na bahati hiyo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wote huambukizwa na mbwa. Hapa Kenya ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Chanjo ya kumwokoa binadamu ilikuwa imekwisha kupatikana, kwani Louis Pasteur wa Ufaransa aliijaribu kwa mtoto wa miaka tisa mwaka 1885. Kwa hiyo dawa imekuwapo zaidi ya karne nzima. Linalokosekana ni mwenye mbwa kutoa gharama yake mapema.

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme chakula cha mbwa mmoja, unga na omena kidogo, ni shilingi arobaini kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 14,600. Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi, na kwa miaka kumi ni shilingi 146,000, fedha ambazo zingekununulia ng'ombe wa maziwa. Na hicho ni chakula tu.

Ongeza chanjo ya kichaa, ambayo huanza mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ongeza dawa ya minyoo na ya kupe. Ongeza kibanda, mnyororo na mshipi wa shingoni. Kama kwenu ni karibu na Bonde la Lambwe, ambalo kwa miaka mingi limejulikana kuwa makao ya mbung'o, weka akiba ya ugonjwa wa nagana. Ukiona mbwa anakonda na macho yake yanafanya ukungu wa samawati, usiseme amerogwa. Mwite daktari wa mifugo.

Kama ni jike, atakuwa kwenye joto mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni miezi miwili tu. Usipomfunga kizazi, utapata vijibwa sita au saba, nawe utaanza kuwagawa "bure" kama mama yangu alivyofanya. Kila anayepokea mmoja anapokea na deni.

Usisahau sheria pia. Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa. Kumnyima mnyama chakula na maji ni kosa la ukatili. Na mbwa wako akimjeruhi mtu, unaweza kupelekwa mahakamani ukadaiwa fidia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, nasema watu wasifuge mbwa? La hasha! Mbwa ni rafiki na mlinzi, na mtoto anayemlisha kila jioni hujifunza wajibu kuliko kwa mahubiri yangu. Ninachosema ni kwamba asiyeweza kulipia sindano moja kwa mwaka hajawa tayari kufuga. Na ikitokea umeumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha ukimbilie hospitali. Usipake pilipili wala mafuta ya taa.

Nanyi wenzangu wa mjini, mnaotuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, ninyi ndio hasa niliotaka kusema nanyi. Tunakumbuka sukari ya mama na karo ya wadogo zetu. Mbwa anayemlinda mama usiku hatumkumbuki, ingawa ndiye anayetuwezesha kulala usingizi huku. Wanafunzi mnaokwenda likizo, mkifika nyumbani ulizeni swali moja: cheti cha chanjo kiko wapi?

Dada yangu sasa ana mbwa mwingine. Cheti chake kimetundikwa ukutani, kando ya kalenda. Mama wa yule mvulana alipokuja kumtembelea mara ya kwanza baada ya miezi mingi, hakuketi kwanza. Alisimama mbele ya ukuta akakisoma cheti chote, tarehe na sahihi, ndipo akavuta kiti. Chai ililetwa.