Mbeba Chai wa Seti

Kijana wa Kiafrika anayesoma ughaibuni akipiga simu nyumbani kusema amepata kazi kwenye filamu, swali la kwanza huwa ataonekana lini. Akieleza kwamba anabeba chai, anazuia wapita njia wasiingie kwenye picha na kuwaita waigizaji kutoka chumba cha mekapu, maongezi hupoa.

Si haki kumvunja moyo.

Mwigizaji Lupita Nyong'o alipitia huko. Miaka kabla ya kushinda Oscar, Machi 2014, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Hampshire, Marekani, na alifanya kazi nyuma ya kamera katika The Constant Gardener (2005), The Namesake (2006) na Where God Left His Shoes (2007). Ile ya kwanza ilipigwa nyumbani kwao Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwemo. Huko ndiko mwigizaji Ralph Fiennes alikomuuliza anataka kufanya nini maishani. Alipokiri kwamba ni kuigiza, Fiennes alimshauri aifuate kazi hiyo iwapo tu hawezi kuishi bila kuigiza.

Mbeba chai huona mengi kuliko nyota, kwa kuwa nyota huitwa zamu yake ikifika, lakini yeye yupo tangu taa ya kwanza inapowashwa. Huona ratiba ya kesho ikigawiwa jioni, kila mtu na saa yake ya kufika. Humwona msimamizi wa mwendelezo akiandika kikombe kilishikwa kwa mkono upi, ili picha ya asubuhi ioane na ya jioni. Na huona jambo ambalo wengi hawalijui: fundi sauti huwanyamazisha watu wote, hata mkurugenzi, arekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika hivi. Ukimya huo ndio utakaoziba mapengo kati ya maneno wakati wa kuhariri. Filamu zetu ngapi zimeharibiwa na sauti inayokatika-katika, ilhali hadithi ni nzuri!

Vibali navyo visipuuzwe. Marekani, mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hawezi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, hata akipenda kazi kiasi gani. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha, kabla ya ule wa mtayarishaji.

Tukirudi kwa Lupita, The Namesake iliongozwa na Mira Nair, mwenye makazi Kampala, aliyeanzisha Maisha, mpango unaowafundisha filamu vijana wa Afrika Mashariki. Yapata miaka 10 baada ya filamu hiyo alitoa Queen of Katwe, hadithi ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyeng'ara kwenye sataranji. Safari hii msaidizi wake wa zamani alikuwa mbele ya kamera, katika nafasi ya mama yake Phiona.