Uzamifu wa sayansi: vijana waambiwe ukweli

Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia sekondari pevu, na serikali ilikuwa imekwisha kutangaza shabaha yake: asilimia 60 yao wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Hilo ni jambo jema. Lakini anayewaita watu safarini hana budi kuwaeleza mwisho wa njia. Mtoto huyo akifaulu, akahitimu katika kemia au biolojia, kisha akatamani kuendelea hadi uzamili na uzamifu, anasubiriwa na nini huko mbele?

Swali hili naulizwa na wanafunzi kila mwaka, na walimu wa sekondari pia huniuliza. Mimi ni mtu wa isimu, wala si mwanakemia. Hata hivyo, isimu nayo ni sayansi, na mlango wa utafiti ni mmoja kwetu sote. Nitajibu basi kadiri nijuavyo, bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza, tutaje gharama. Vitabu vya kanuni husema uzamifu ni miaka mitatu. Anayejilipia karo huku akifundisha vibarua katika vyuo viwili vitatu hujua kwamba mara nyingi miaka hiyo huzaa mingine. Mwenye sayansi za maabara ana mzigo zaidi: kemikali zachelewa bandarini, mashine yaharibika na fundi wake yuko ng'ambo, umeme wapotea sampuli zikiwa ndani ya friji. Wakati huohuo rika lake limeajiriwa, limejenga na limeoa. Si haki kumficha kijana hesabu hii.

Pili, kazi yenyewe. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu iliweka kanuni kwamba mhadhiri sharti awe na uzamifu, nayo ikatoa muda wa miaka mitano. Wengi walikimbilia masomo hayo wakidhani wamefunguliwa lango. Lakini sharti la shahada si ahadi ya kazi. Vyuo vya umma vina madeni makubwa, nafasi za kudumu ni haba, na migomo ya wahadhiri ya 2017, 2018 na 2025 imewaonyesha wanafunzi jinsi waliobahatika kuajiriwa wanavyoishi. Anayesoma uzamifu ili tu aitwe Daktari na kukalia kiti cha chuo kikuu anacheza kamari kwa umri wake.

Tatu, na hapa ndipo panaponiuma, serikali haijatimiza sheria yake yenyewe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha hazina ya taifa ya utafiti na kuagiza kwamba kila mwaka utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Takwimu za UNESCO za mwaka 2010 zilikuwa zimeonyesha kwamba Kenya ilitumia asilimia 0.79. Lengo la asilimia 2 halijafikiwa. Kinachoendesha maabara zetu nyingi ni fedha za wafadhili wa nje, na mlipa zumari ndiye achaguaye wimbo. Je, ni haki kuwaita asilimia 60 ya watoto wetu kwenye karamu ambayo mwenyeji bado hajawasha jiko?

Baada ya kusema hayo, msomaji atadhani jibu langu ni 'la'. Sivyo. Nasema uzamifu wa sayansi una thamani kubwa, ila thamani hiyo haipo pale wengi wanapoitafuta.

Mtazame Thomas Odhiambo. Alisoma Makerere, akapata uzamifu wake Cambridge kwa kuchunguza miili ya wadudu. Wangapi wakati ule wangesema kwamba Mwafrika mwenye akili timamu angeusalimisha ujana wake kwa wadudu? Lakini mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, na kituo hicho kimewalea watafiti wengi wa bara hili.

Katika tawi lake la Mbita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kutafuta njia ya kumwokoa mkulima wa mahindi kutokana na maadui wawili: viwavi wanaotoboa mabua, na gugu la striga linalonyonya mizizi, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Walichompa hakikuwa dawa ya kununua. Desmodiamu hupandwa baina ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo, na mizizi yake hutoa kemikali inayozifanya mbegu za striga ziote, kisha zife kwa kukosa pa kunyonya. Majani ya napia hupandwa kandokando ya shamba ili yawavute nondo hao watage huko. Desmodiamu na napia yote ni chakula cha ng'ombe. Mbinu hiyo huitwa 'vuta-sukuma', nami kama mwanaisimu nalistahi jina hilo: vitenzi viwili ambavyo kila mkulima anavijua vimebeba kemia ya miaka mingi. Nyuma yake kuna watu waliohesabu mayai ya nondo msimu baada ya msimu.

Au mtazame Wangari Maathai, aliyepata uzamifu wa anatomia ya mifugo jijini Nairobi mwaka 1971. Dunia haimkumbuki kwa anatomia. Lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa akikusanya kupe mashambani, katika utafiti wa ndigana kali, ndipo alipoona mito ikibeba udongo na ng'ombe wakikonda kwa kukosa malisho. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilizaliwa mwaka 1977. Jicho lililofunzwa kuchungua kupe ndilo lililoona msitu unaotoweka. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo faida ya kwanza ya uzamifu: humfunza mtu kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, kulisubiri kwa subira, na kukubali ushahidi unapomkanusha. Mafunzo hayo hayafi hata mwenyewe akiacha maabara.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi basi ni huu. Usiende kutafuta cheo. Nenda ukiwa na swali linalokunyima usingizi. Usianze kabla ya kupata ufadhili, au angalau mradi wenye fedha, kwani kujilipia karo ya maabara kwa mshahara wa vibarua ni kuchota maji kwa pakacha. Mchague msimamizi kabla ya kulichagua jina la chuo: waulize wanafunzi wake wa awali walimaliza kwa miaka mingapi, na sasa wako wapi. Jifunze ufundi utakaokulisha nje ya chuo, uwe wa takwimu, wa kompyuta au wa kuandika vizuri. Na ukikamilisha tasnifu yako, iandikie muhtasari wa Kiswahili unaoweza kusomwa na nyanya yako. Usiseme istilahi hakuna. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990.

Kwa walimu wenzangu, nasema tusiwasukume watoto kwenye sayansi kana kwamba masomo mengine ni jaa la waliofeli. Anayelazimishwa kusoma fizikia hatakuwa Odhiambo. Atakuwa mtu mwenye cheti na kinyongo. Kazi yetu ni kumtambua yule anayeuliza 'kwa nini' mara ya tatu baada ya darasa zima kuridhika, na kumlinda asizimwe. Mtoto kama huyo akipatikana shuleni, basi mwambie ukweli wote, gharama na faida, kisha umwache achague.

Nao waliokabidhiwa hazina ya taifa wasidhani mzigo huu ni wa vijana peke yao. Mtu mmoja aweza kuwa na swali na subira, lakini hawezi kujijengea maabara. Shabaha ya asilimia 60 bila ile asilimia 2 ni kupanda mbegu shambani na kuiachia jua. Kabla ya kuwahimiza tena wazazi wawaelekeze watoto kwenye sayansi, wakubwa wetu na watekeleze sheria waliyoipitisha mwaka 2013. Kijana atakayejitoa mhanga kwa ajili ya elimu atakuwa amefanya sehemu yake; taifa nalo lifanye yake.