Mizani ina muhuri, programu ya ghala je?

MFANYABIASHARA wa alizeti wa Mitundu, kusini mwa Itigi mkoani Singida, hachezewi mbele ya mizani. Asipouona muhuri wa Wakala wa Vipimo, huuliza. Kelele dhidi ya lumbesa nazo zimepigwa miaka mingi, na bado zinapigwa.

Lakini uzito ukishasomwa, safari haijaisha. Penye kompyuta ghalani, programu ndiyo inayotoa uzito wa gunia tupu, inayozidisha kilo kwa bei na kuchapa karatasi. Programu hiyo haina muhuri. Tuseme mtu ameleta magunia 120, na baada ya programu kufanyiwa marekebisho, kilo 1 ya gunia tupu inakatwa mara mbili. Kilo 120 zimekwenda bila mtu kugusa mizani. Kwa bei ya kupigia mfano ya Sh. 1,000 kwa kilo, hiyo ni hasara ya Sh. 120,000 kwa mzigo mmoja.

Tangu ipitishwe Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na korosho kuanza kuuzwa kwa utaratibu huo msimu wa 2007/08, karatasi ya ghala imekuwa mali ya kukopea benki. Kosa la kompyuta si la karani peke yake tena.

Watengenezaji makini wana kinga. Hutumia programu ya pili ambayo kazi yake ni kuijaribu ya kwanza: huifungua, hubonyeza vitufe, huandika kilo, kisha hulinganisha jibu na hesabu iliyokwisha kujulikana. Kila marekebisho yanapofanywa, majaribio yote hurudiwa, hata kama ni mia tano. Mtu hawezi kufanya hivyo kila wiki bila kuchoka na kurukaruka.

Tatizo ni kwamba mjaribu huyo lazima akipate kitufe kwanza. Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kukiita kwa kitambulisho chake. Microsoft iliweka utaratibu wa programu kutaja vipande vyake kwenye Windows mwaka 1997, na mwaka 2006 ikaleta ulio bora zaidi, uitwao UI Automation. Ya pili ni kubahatisha mahali: nukta 400 kutoka kushoto, nukta 250 kutoka juu, bonyeza.

Mwenye ghala anaijua tofauti hiyo. Ukimwagiza kibarua alete gunia la tatu kutoka mlangoni, atakuletea la mwenzako siku magunia yakipangwa upya. Ukimpa namba ya shehena, atalipata hata likihamishiwa ukuta wa nyuma. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Ukibadilisha skrini, au kitufe cha "Hifadhi" kikisogezwa kidogo, mjaribu atabonyeza patupu. Kibaya zaidi, kama ameagizwa kuangalia tu kwamba hakuna ujumbe wa kosa, ataandika kuwa jaribio limefaulu.

Kwa nini basi watu wabahatishe? Kwa sababu mtengenezaji hachongi kila kitufe mwenyewe. Hununua majedwali, kalenda na vitufe vilivyo tayari kutoka kampuni nyingine. Hiyo ni biashara nono: Telerik, iliyoanzishwa Bulgaria mwaka 2002, ilinunuliwa na Progress ya Marekani mwaka 2014 kwa dola milioni 262.5. Vifaa hivyo vinapendeza na vinaokoa miezi ya kazi. Lakini vingine hujichora vyenyewe, na Windows ikiulizwa ndani ya jedwali mna nini, hujibu kwamba ni kipande kimoja tu. Vingi vina njia ya kutaja mistari na safu zake, ila mtengenezaji asipoiwasha na asipoweka vitambulisho, ni sawa na kwamba haipo. Aidha, jedwali la mistari 400 mara nyingi huandaa ile inayoonekana tu. Mjaribu asiyejua kuteremsha jedwali atakagua mistari 20 na kuiacha 380.

Wauza programu watasema kuvipa vipande vitambulisho ni kupoteza muda na kupandisha bei. Hatukubali. Kazi hiyo ni ndogo ikifanywa tangu mwanzo, na huwa ghali ikifanywa baada ya miaka mitatu. Kweli, mwenye duka moja na daftari lake anaweza kukagua hesabu kwa mkono. Anayeshika mali za watu hana ruhusa hiyo.

Mnunuzi asiye fundi ana kipimo chepesi. Ipo programu ya bure ya kuwasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, iitwayo NVDA, iliyoanza Australia mwaka 2006. Iwashe, fungua programu unayouziwa, kisha pita kwenye vitufe kwa kibonyezo cha Tab. Ikisoma "Hifadhi", "Uzito", "Chapa", ni dalili njema. Ikisema "kitufe, kitufe" bila jina, au ikinyamaza kwenye jedwali, jua kwamba mjaribu naye huenda anapapasa gizani, na karani asiyeona hataweza kuitumia. Kipimo hiki hakimalizi yote, maana jina linalosomwa hubadilika programu ikitafsiriwa. Mjaribu anahitaji pia kitambulisho cha ndani kisichobadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, chama cha msingi au mwenye ghala adai mambo matatu katika mkataba: kila kitufe na kila safu kiwe na kitambulisho cha kudumu, majaribio ya hesabu ya uzito na bei yarudiwe kila marekebisho yanapofanywa, na mnunuzi apewe matokeo yake kwa maandishi. Anayetaka kuweka fedha zake kwenye kampuni ya programu naye aulize hayo hayo kabla ya kuuliza faida.

Muhuri wa mizani haukuletwa na huruma ya wauzaji. Ulitakiwa na sheria, na wateja wakaudai. Wa programu tuanze kuudai sisi.