Bingwa wa moyo na tabibu wa zahanati

PROFESA Mohamed Janabi, aliyeiongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hadi mwaka 2022 na kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alipata shahada ya uzamivu mjini Osaka, Japan. Safari ya bingwa ni ndefu: shahada miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, ubingwa miaka 3, kisha ubingwa bobezi.

Lakini shinikizo la damu aghalabu halina dalili. Anayepaswa kuligundua mapema ni tabibu wa zahanati, mwenye stashahada ya miaka 3, ambaye wasifu wake hakuna anayeuuliza. Mashine yake ya kupimia ikiwa mbovu, mgonjwa hufika Muhimbili akiwa tayari amepooza.