Huria si Bure: Vyombo vya Habari na Leseni za Programu

Vyombo vya habari vinapoieleza hadhira kuhusu programu kama vile Linux, neno linalotangulia aghalabu ni 'bure'. Neno hilo hupotosha. Humfanya msomaji adhani kwamba suala ni bei, ilhali leseni hizo hazikatazi kuuza. Aidha, humfanya aamini kwamba programu hizo hazina mwenyewe wala masharti. Sivyo. Leseni ya GPL, aliyoiandika Richard Stallman na kutolewa mwaka 1989, huegemea hakimiliki: humruhusu yeyote kuitumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza, mradi anayeisambaza awape wapokeaji msimbo wake pamoja na haki zizo hizo.

Waandishi wa Kiingereza wana udhuru, kwani neno lao moja hubeba maana ya uhuru na ya kutolipiwa. Kiswahili hakina udhuru huo. Kina 'bure' na kina 'huria'. Isitoshe, 'bure' huashiria pia jambo lisilo na faida. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu ya ofisini. Hawakuhitaji kuomba hisani ya mwenye mali. Leseni ilikwisha kuwapa haki ya kuirekebisha. Lau ingalikuwa ya bure tu, haki hiyo wasingalikuwa nayo.

Mhariri anayeandika 'bure', basi, humficha mwalimu na mwanafunzi haki waliyo nayo tayari. Ni wajibu wa wanahabari, na wa wanafunzi wa Kiswahili watakaojiunga nao, kuandika 'huria' na kuyaeleza masharti yake.