Kichupa cha redio ya marehemu baba chaenda ng'ambo

Msomaji mpendwa, Jumapili hii naomba tuache kidogo habari za karo na bei ya unga, nikusimulie jinsi kichupa kimoja cha kioo, kisichozidi urefu wa kidole chako cha kati, kilivyotaka kuvunja amani ya nyumba yetu ya Shauri Moyo.

Kama wewe ni wa rika langu, redio ya valvu unaijua. Lakini nyinyi vijana mliozaliwa mkakuta redio imo ndani ya simu, hebu sikilizeni. Lilikuwa sanduku la mbao, na ndani yake mlikuwa na vichupa vitano hivi vilivyotolewa hewa yote. Ukiwasha, halisemi. Unangoja kama nusu dakika, vichupa vinaanza kuwa vyekundu ndani kama makaa yanayopulizwa, ndipo sauti inapanda polepole. Huo moto ndio unaozifanya chembe za umeme ziruke kutoka chuma kimoja hadi kingine ndani ya kioo. Mwingereza Ambrose Fleming ndiye aliyebuni valvu ya kwanza mwaka wa 1904, na kwa nusu karne hapakuwa na redio ya maana bila vichupa hivyo, mpaka transista, iliyovumbuliwa mwaka wa 1947, ikavifukuza majumbani.

Yetu, marehemu baba aliinunua River Road ikiwa imeshatumiwa na wengine, miaka ile ya 1960 ya Sauti ya Kenya. Leseni ya redio aliilipia kila mwaka, na risiti akazihifadhi ndani ya Biblia. Jioni majirani walikuja na viti vyao. Ilipokufa, mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka juu yake picha ya baba. Hapo ikakaa miaka na miaka, na ole wake aliyeweka kikombe juu yake.

Basi Desemba iliyopita binti ya kaka yangu, anayesomea Ujerumani, akaja likizo. Siku ya tatu akanivuta kando. "Shangazi," akasema, "nataka kichupa kimoja cha redio ya babu. Nitakisafirisha."

Nikadhani ni biashara. Kumbe ni mchezo! Wenyewe huuita jiokachingi, na kwa lugha yetu ya mtaani ni brikicho ya watu wazima. Mtu huficha kijisanduku mahali, akatangaza vipimo vyake kwenye mtandao, na wengine wakakitafuta kwa kifaa cha GPS au simu. Ulianza Mei 2000. Marekani ilikuwa imeacha kuyavuruga mawimbi ya setilaiti waliyopewa raia, na siku chache tu baadaye bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo nyeusi msituni kujaribu kama watu wataiona. Ndani alitia daftari, vitu vidogo vidogo na kopo la maharagwe. Iliopolewa upesi. Leo kuna vijisanduku zaidi ya milioni tatu duniani.

Sasa, ndani ya vijisanduku hivyo huwekwa vidude wasafiri. Kidude hufungwa kibati kama kile cha shingoni mwa askari, chenye namba yake. Anayekipata hakifanyi mali yake, anakichukua na kukipeleka kwenye kijisanduku kingine, kisha anaandika kwenye mtandao amekiacha wapi. Mwenyewe, hata akiwa kitandani Shauri Moyo, anafuata safari yake. Kimoja kilifika kituo cha anga mwaka wa 2008, na kingine kimo ndani ya gari la utafiti lililotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka wa 2021. Sikubuni, msomaji.

Mama aliposikia, aliweka chini ungo wa maharagwe. "Redio ya mume wangu imekuwa nyama ya kugawana?"

Nikwambie kweli, mimi nilikuwa upande wa mama. Vidude hivi hupotea sana. Mtoto anakiona kizuri anakitia mfukoni, na hakuna wa kumshtaki. Tena mpwa wangu alikuwa na wazo la pili, afiche kijisanduku hapa hapa mtaani, kwenye ukuta ulio karibu na soko la Burma. Hilo nililikataa papo hapo. Chochote cha chuma kisicho na mwenyewe Shauri Moyo hakilali, wakusanyaji wa vyuma vikuukuu watakuwa wamekipima kwa kilo kabla ya saa nne asubuhi. Na tangu bomu la Agosti 7, 1998, nani Nairobi hii anataka kuonekana akipenyeza kifurushi ukutani?

Msichana hakubishana. Alisema tu, "Nyanya, twende tumuulize fundi. Akisema hapana, nami nasema hapana."

Fundi mwenyewe ni mzee aliyewahi kuzitengeneza redio hizi zilipokuwa mpya. Kwanza alitufokea kwa kuifungua nyumbani, maana redio ya aina hii huweka umeme wa kukuua hata baada ya kuchomolewa ukutani, kwa hivyo wanafunzi mnaonisoma, msizichokore. Kisha akavichomoa vichupa kimoja kimoja, akavipangusa na kuvielekeza kwenye mwanga. Juu ya kila kimoja, ndani ya kioo, kuna doa la rangi ya fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Kazi yake ni kumeza hewa kidogo iliyobakia. Doa likiwa la fedha, kichupa hakijavuja. Hewa ikiingia, linageuka jeupe kama maziwa.

Vinne vilikuwa vya fedha. Cha tano kilikuwa cheupe.

"Huyu ndiye marehemu," akasema fundi. Kilikuwa kimeandikwa EZ80, kile kinachougeuza umeme wa ukutani uwe wa kuwalisha wenzake. Kilipokufa, redio nzima ikanyamaza.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na hawa wengine wako hai?"

"Nitawapima, mama, lakini sioni kasoro. Pale pa huyu naweza kutia dayodi mbili ndogo kama punje za mchele, nibadilishe na kapasita zilizozeeka. Nipe mwezi."

Miaka yote hiyo mama alikuwa akiifunika maiti ambayo haikuwa maiti. Hakusema neno. Alikishika kile cheupe, akakitia kiganjani mwa mjukuu wake, akakikunja kiganja.

Kesho yake tulikwenda Kamukunji, kule mnakonunuliwa masanduku ya bweni, na fundi mmoja wa jua kali akakisukia kichupa kizimba cha waya kisije kikavunjika. Kibati kikafungwa hapo. Kila kidude huandikiwa lengo lake, na hiki mama ndiye aliyekiandikia: kione nchi zile kilizokuwa kikituletea habari zake, kisha kirudishwe Shauri Moyo. Kitarudije bila kijisanduku hapa, hilo hakutaka kulisikia. Mtaa wenyewe ulianza na watu waliohamishwa kutoka Pangani ya zamani mwishoni mwa miaka ya 1930, na mama anaamini kilichohamishwa hupata njia.

Februari kilifichwa kwenye msitu mmoja wa Ujerumani. Aprili mtu asiyetujua kabisa akakivusha hadi Uswisi, akakipiga picha juu ya jiwe lenye theluji. Tangu hapo kimya.

Redio ilirudi. Inashika kituo kimoja tu, tena kwa kukoroma, na bado hungojewa nusu dakika. Mama huketi mbele yake mikono mapajani mpaka isema. Kisha ananigeukia, kila Jumapili tukitoka kanisani: "Mpigie huyo mtoto simu. Muulize mwenzao yuko wapi."