Mimba Kuharibika Mara kwa Mara: Apimwe Kwanza

Mama wa Msamvu aliyeharibikiwa mimba tatu asiuze kiwanja ili akapandikizwe mimba Dar es Salaam. Upandikizaji ulianzishwa kwa wasioshika mimba; yeye anashika, ila haikai. Kwanza apimwe kaswende, kisukari, tezi ya shingoni, kuganda kwa damu na umbo la mfuko wa uzazi. Baba naye aende. (Mawifi wanaotaja uchawi wanyamaze.) Karibu nusu ya wanandoa hao hawaonekani na sababu yoyote, hata hivyo wengi wao hupata mtoto baadaye bila tiba. Kanisa, katika hati Donum Vitae ya 1987, linakataa mimba kutungwa nje ya mwili, lakini halikatazi kutibu chanzo. Mimba nyingine ikishika, aanze kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane.